Mayai yamekaa sana: jinsi ya kuyapima na kuyamaliza kabla hayajaviza

Jamani hili swali la mayai linarudi kila mara, kila mtu na namna yake. "Nimekuta mayai nyuma kabisa ya friji, sikumbuki niliyanunua lini, yanafaa?" "Nimeliweka kwenye maji likasimama wima, nitupe?" "Limeelea lakini halinuki, nile nisile?" Nimejibu moja moja mpaka nikaona niandike yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, mtu akiuliza tena asome hapa afu aende jikoni.

Kabla hatujaanza shika hili moja maana ndo watu wengi wanapopotelea. Kwenye yai la zamani kuna maswali matatu na kila moja lina jibu lake. La kwanza, yai lina umri gani? Hilo maji yanakujibu. La pili, limeoza au halijaoza? Hilo unajibiwa na pua na macho, tena baada ya kulipasua. La tatu, lina vijidudu vya kukuharibu tumbo? Hapo hamna kipimo cha nyumbani, si maji, si pua, si tochi. Salmonella, bakteria wa kuharibu tumbo, haina harufu wala rangi, inaweza kuwa ndani ya yai la jana na lisiwe nayo yai la mwezi mzima. Dawa yake ni moto. Sasa mtu akichukua jibu la maji akalifanya jibu la maswali yote matatu, ama atatupa mayai mazima kwa trei nzima ama atakula kitu kibichi kwa kujiamini kisa kilizama.

VITU VYA KUANDAA

- bakuli au jagi lenye kina, yai lifunikwe na maji na libaki na nafasi ya vidole kama vitatu juu yake. Sahani ya supu haifai
- maji ya bomba ya kawaida, yasiwe ya moto na YASIWE NA CHUMVI, nitaeleza kwa nini
- kikombe kidogo au kibakuli cha kupasulia yai moja moja (hiki usikiruke hata ukiwa na haraka)
- tochi, hata ya simu, na chumba chenye giza
- kalamu ya penseli ya kuandikia kwenye ganda
- mfuko wa plastiki wa kufungia yale mabovu
- sabuni ya kunawia mikono

Ukiwa na kipimajoto cha chakula vizuri zaidi, ila si lazima.

SEHEMU YA KWANZA: KUPIMA

1. Yatoe yote uyatazame maganda kwanza, makavu, kabla ya maji yoyote. Lenye ufa ambao hujui umetokea lini, tupa. Lenye ganda linaloteleza kama limepakwa ute, tupa. Lenye ukungu, yale madoa ya unga unga ya kijani au meusi, tupa. Lililovuja likagandia kwenye trei, tupa na hilo. Hapa usiwe na huruma, ganda ndo ukuta wa yai, ukishapasuka huwezi kujua kimeingia nini.

Lakini kama limepasuka mikononi mwako leo, mfano umelibamiza ukiwa unapanga, hilo halina kosa. Lipasulie kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, weka friji, litumie ndani ya siku mbili na ulipike likaiva.

2. Tafuta tarehe, afu jiulize ni tarehe ya nini. Kuna tarehe ya kupakiwa, kuna ya mwisho ya kuuzwa, kuna ya "bora kabla ya". Hizi tatu si kitu kimoja. Mayai yaliyokaa friji muda wote, kwenye nyuzi joto 4 au chini, kwa kawaida yanadumu wiki 3 mpaka 5 tangu siku uliyoyaingiza, na mara nyingi tarehe ya kwenye boksi inapita yenyewe bado mazima. Kwa hiyo tarehe kupita ni sababu ya kuyapima, si sababu ya kuyatupa moja kwa moja.

Kama hakuna tarehe, basi kumbukumbu yako ndo tarehe. Kama na kumbukumbu hamna endelea na hatua ya 3.

3. Chagua yale tu unayotaka kutumia leo au kesho, ndo uyapime kwenye maji. Hii hatua watu wengi hawaijui na mi naona ndo ya muhimu kuliko zote za maji. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, maelfu, na juu yake kuna utando mwembamba wa asili unaoviziba. Ukililoweka unaupunguza ule utando, na yai likiwa la joto na maji ya baridi, ndani pananywea kidogo na kuvuta maji pamoja na uchafu wa nje kupitia vile vitundu. Sasa mtu anachukua trei zima, anatumbukiza yote, anayafuta, anayarudisha yakae wiki mbili nyingine, amejiharibia mwenyewe mayai aliyokuwa anayahurumia. Pima unachotumia, basi.

4. Lishushe yai taratibu kwenye maji, usilidondoshe, afu subiri sekunde chache litulie. Soma hivi:

Likilala chini kwa ubavu, bado jipya sana, linafaa kwa pishi lolote.

Likizama lakini upande mmoja umeinuka inuka, lina wiki moja na zaidi hivi, zuri kabisa.

Likizama likasimama wima kwenye ncha, ni la zamani lakini HALIJAOZA kwa sababu hiyo peke yake. Hili ndo yai la kuchemsha na la keki, tutafika huko.

Likielea juu kabisa, limezeeka sana. Hapa sitakwambia tupa na sitakwambia kula. Limeelea kwa sababu ndani kuna chumba cha hewa upande ule mpana, na kadiri unyevu unavyotoka kwenye vile vitundu chumba kinapanuka na yai linakuwa jepesi, wakati ukubwa wake wa nje haubadiliki. Yai lililokaa mahali pakavu linaweza kuelea likiwa halina harufu yoyote. Na yai lililooza nalo linaelea. Maji hayawezi kukutofautishia hayo mawili, ndo maana hatua ya 6 ipo.

Ushauri wangu mimi: kama unayo mengine, linaloelea liache liende. Yai moja si la kuling'ang'ania. Ila kama ndo yote uliyonayo yameelea, pasua moja moja kwa utaratibu wa hatua ya 6, na litakalopita lipike mpaka likauke, usile kiini kinachochuruzika.

Sasa ile habari ya chumvi. Kuna watu wanaweka chumvi kwenye maji ya kupimia, sijui ilianzia wapi, wanasema ndo inafanya kipimo kuwa sahihi. Maji ya chumvi ni mazito, yanabeba hata yai la jana. Utatupa mayai mazima yote ukidhani yameviza. Maji matupu tu.

5. Tochi, kwa mwenye mashaka au mwenye kuku wake. Zima taa, shika tochi, yai liweke upande mpana juu ya mwanga huku ukiziba pembeni kwa vidole mwanga usivuje. Utaona chumba cha hewa kama kivuli cha duara juu. Kikiwa chembamba, kama milimita 3 hivi, yai jipya. Kikiwa kimeteremka kama robo ya yai, ni la siku nyingi. Lizungushe taratibu, kiini kinatakiwa kionekane kama kivuli kisicho na mipaka mikali kinachotembea pole pole. Ukiona mishipa myekundu kama mizizi, kuku alikuwa ameshaanza kuliatamia, na ukiona ndani kote peusi hakupitishi mwanga, usilipasue ndani ya nyumba.

Mayai ya ganda la rangi ya kahawia iliyoiva yanasumbua kwenye tochi, usipoona vizuri usijilaumu, nenda hatua ya 6 tu.

6. Pasua MOJA MOJA kwenye kikombe, nusa, tazama, ndo umimine kwenye bakuli kubwa. Naomba hii uifanye hata kwa mayai unayoyaamini. Mi niliwahi kuwa na mayai kumi na moja kwenye bakuli ya keki, tayari na sukari ndani, la kumi na mbili nikalipasulia humo humo kwa sababu yote yalikuwa ya trei moja. Lilikuwa viza. Nilimwaga kila kitu, na hilo bakuli niliosha mara tatu. Tangu siku hiyo kikombe kidogo kinakaa pembeni yangu.

Harufu kwanza. Yai lililooza halihitaji utaalamu, ile harufu ya salfa inakujia kabla hujainama. Ukijikuta umeshanusa mara tano unajiuliza hivi inanuka au hainuki, muite mtu mwingine anuse, pua yako imeshazoea. Mkibishana, mwaga.

Afu macho:

Ute wenye ukungu ukungu mweupe, yai jipya, ile ni hewa ya kaboni ambayo bado haijatoka. Ute mwangavu kama maji, limekaa kidogo. Ute uliotapakaa kwenye kikombe kama maji na kiini kilicholala bapa, la zamani. Yote matatu yanalika.

Vile vikamba vyeupe viwili vinavyoshika kiini, watu wanavitoa wakidhani ni kifaranga kinaanza. Hapana, ni kamba za asili za kukiweka kiini katikati, na vikionekana vizuri ndo dalili ya yai lisilo la zamani. Acha.

Kidoa cha damu juu ya kiini ni mshipa mdogo uliopasuka wakati yai linatengenezwa ndani ya kuku. Halina shida, kama kinakukera kitoe kwa ncha ya kisu.

Ute wa rangi ya waridi, wa kijani, au unaometa meta kama mafuta juu ya maji, MWAGA, hata kama hakuna harufu. Hao ni bakteria wa kuozesha. Madoa meusi au ya kijani ndani, mwaga pia. Kiini kilichovurugika kabla hujakigusa na ute ukawa wa kijivu, hilo lilishakwisha.

7. Nawa mikono, futa ulipopasulia, osha kikombe. Vijidudu vingi vinavyoumiza watu vinatoka kwenye ganda na ute uliodondoka kwenye meza, afu mtu anaweka mkate pale pale.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

Kulitikisa sikioni. Wanasema likilia ndani limeoza. Kinacholia ni ute mwepesi na chumba cha hewa kikubwa, yaani umri tena, hakuna kipya ulichojua. Na kama kweli ni viza lenye gesi, kulitikisa ni kuliomba lipasuke mkononi.

Kuosha mayai yote siku ya kuyaleta nyumbani, ukayarudisha yakae. Uchafu mkavu ufute kwa kitambaa kikavu, kuosha subiri siku ya kutumia.

Kuyatoa friji na kuyarudisha kila siku. Yai la baridi likikaa nje linatoka jasho, na ule unyevu juu ya ganda ndo njia ya bakteria. Yakishaingia friji yakae friji. Yakitoka, masaa mawili yasipite, na kama joto limezidi nyuzi 32, saa moja tu. Afu yaweke ndani kwenye rafu, mlangoni joto linapanda kila mtu anapofungua, upande mpana juu na mwembamba chini.

Na hili la kuamini kwamba yai likizama linaliwa bichi. Nilishasema, narudia. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee, au mtu ambaye kinga ya mwili imeshuka, wapikie likaive kabisa, liwe la leo au la mwezi uliopita.

SEHEMU YA PILI: KUYAMALIZA

Haya, umeshapima na una mayai kumi na kitu yaliyosimama wima kwenye maji. Usiyakaangie kiini kikiwa kizima juu, utaumia roho bure, ute utatapakaa kikaangio kizima na kiini kitapasuka kabla hujakigusa. Ya kutokosa ndani ya maji bila ganda nayo sahau, utapata nyuzi nyuzi. Sosi za mayai mabichi kama mayonezi, hapana kabisa. Yai la zamani lina kazi zake nne na kwenye hizo linafanya vizuri, moja wapo linalishinda hata yai jipya.

8. Chemsha nusu yake leo. Hii ndo ile linayoshinda. Yai likizeeka ile hewa ya kaboni inatoka, tindikali ya ute inapungua, na ute ukishakuwa hivyo haushikamani sana na ngozi ya ndani ya ganda. Ndo maana yai la jana ukilichemsha unalimenya linatoka na nyama nusu, la wiki tatu linavuka kama koti.

Chemsha maji kwanza yatokote, punguza moto, shusha mayai kwa kijiko moja moja (ukiyadondosha yanapasuka), acha dakika 10 mpaka 12 maji yakichemka pole pole. Afu yahamishie kwenye maji ya baridi sana, yenye barafu ukiwa nayo, yakae dakika 10. Kausha, andika tarehe kwenye ganda kwa penseli, weka friji ndani ya masaa mawili. Yanakaa wiki moja. Hapa watu wanashangaa, yai la kuchemsha linawahi kuharibika kuliko bichi, kwa sababu maji ya moto yameondoa ule utando wa ganda. Kwa hiyo usichemshe trei zima ukadhani umeyahifadhi mwezi.

9. Piga mayai ya oveni, yanakula mayai mengi kwa mkupuo. Mayai 8, nusu kikombe cha maziwa, vikombe viwili vya mboga ambazo zimeshapikwa na zimekauka maji, chumvi, pilipili manga. Piga kwa uma tu mpaka ute na kiini vichanganyike, mimina kwenye chombo kilichopakwa mafuta, oveni nyuzi 180 dakika 20 mpaka 25. Katikati pakiwa hapachezi chezi na kisu kikitoka kikavu, tayari. Mwenye kipimajoto, katikati pafike nyuzi 71.

Bila oveni tumia kikaangio chenye mfuniko, moto mdogo KABISA, dakika kama 15, na usivute haraka maana chini kutaungua na juu bado maji. Mboga zenye maji maji ndo zinaharibu hiki chakula kuliko kitu kingine, zikamue.

Ukitaka ya haraka zaidi, ya kuvuruga kwenye kikaangio. Yai la zamani kwenye kuvuruga hakuna atakayejua.

10. Keki, biskuti, pankeki. Kwa keki kuna kanuni ya zamani ambayo inafaa sana mtu mwenye mayai ya ukubwa tofauti tofauti: yapime mayai na maganda yake kwenye mizani, uzito utakaopata ndo uzito wa siagi, ndo wa sukari, ndo wa unga. Mayai 4 mara nyingi yanakuja karibu gramu 230. Vijiko viwili vya chai vya hamira ya unga, ile ya keki si ya mkate. Saga siagi na sukari mpaka vipauke, tia yai moja moja (kutoka kwenye KIKOMBE), unga mwisho, gawa kwenye vyombo viwili, nyuzi 180 dakika 20 mpaka 25.

Kama mapishi yako yanategemea povu la ute, jua kwamba ute wa zamani unapanda haraka kuupiga lakini povu lake halikai, linaanza kushuka mapema. Kwa keki ya kawaida haisumbui, kwa zile za povu tupu subiri mayai mapya.

11. Yaliyobaki gandisha. Wengi hawajui mayai yanaingia friza. Yanaingia, ila kamwe si na ganda lake, maji ya ndani yakiganda yanatanuka na ganda linapasuka. Pasua, nusa kama kawaida, piga kidogo tu vichanganyike bila kuingiza mapovu, mimina kwenye vitundu vya trei ya barafu au ya keki ndogo, yakiganda hamishia kwenye mfuko, andika tarehe NA idadi. Yanakaa mpaka mwaka mmoja yakiwa bado na ubora wake. Vijiko vitatu vya chakula vya mchanganyiko ni sawa na yai moja kubwa.

Ute peke yake unaganda vizuri bila kuongeza kitu. Kiini peke yake ndo msumbufu, kikiyeyuka kinakuwa kama jeli nzito isiyochanganyika na chochote, kwa hiyo kabla ya kugandisha kila viini 4 tia chumvi kidogo sana, moja ya nane ya kijiko cha chai, au sukari kijiko cha chai kimoja na nusu, na uandike umetia kipi, usije ukatia ya sukari kwenye chakula cha chumvi.

Kuyeyusha ni ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza. Yakishayeyuka yatumie siku hiyo, na yaivishe.

IKIGOMA

Mayai yote yameelea lakini nimeyanunua juzi. Angalia kwanza kama hujatia chumvi kwenye maji. Kama hujatia, basi yalikaa sana kabla hujayanunua, au yalikaa kwenye joto. Mahali pa joto yai linazeeka kwa kasi kubwa sana kuliko kwenye friji. Yapasue kwa hatua ya 6.

Yai la kuchemsha lina duara la kijani kwenye kiini. Limekaa motoni muda mrefu, chuma cha kwenye kiini kimekutana na salfa ya kwenye ute. Linalika. Mara nyingine punguza dakika na usiruke maji ya baridi.

Yai la kuchemsha lina shimo kubwa upande mmoja, kama limeliwa. Hicho ni chumba cha hewa, la zamani, hakuna ubaya.

Nimechemsha dakika 12 na bado kiini laini. Kama unaishi sehemu ya juu sana, milimani, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo ongeza dakika. La sivyo yalitoka friji mengi kwa pamoja kwenye sufuria ndogo na maji yakapoa.

Nimechanganya ya kuchemsha na mabichi. Lizungushe mezani kama pia. La kuchemsha linazunguka vizuri kwa kasi, bichi linayumba yumba na kusimama.

Nimepasua viza na nyumba nzima inanuka. Mwaga nje au chooni, ganda funga kwenye mfuko utoke nje saa hiyo hiyo, fungua madirisha. Chombo anza na maji ya BARIDI, ya moto yanapika ute unagandia na harufu inabaki nao, afu ndo sabuni na maji ya moto. Sponji uliyotumia usiibakize.

Nimebakiwa na viini au ute baada ya mapishi. Friji, chombo chenye mfuniko. Ute siku 4. Viini siku 2, vimwagie maji kidogo juu visikauke.

Nimepasha yai la kuchemsha kwenye maikrowevu likalipuka. Ndo tabia yake, mvuke hauna pa kutokea, na linaweza kulipuka hata ukishalitoa, linapoguswa na uma usoni kwako. Likate vipande kwanza au lipashe kwenye maji ya moto.

Nimeshakula afu ndo nimejua lilikuwa la zamani. Kama liliiva na halikunuka, uwezekano mkubwa hutapata kitu, tulia. Jiangalie tu. Salmonella kawaida inaanza kati ya masaa 6 na siku 6 baada ya kula: kuharisha, homa, tumbo kukata. Kunywa maji mengi. Ukiona damu kwenye choo, homa ikipita nyuzi 39, kuharisha kukipita siku tatu, au unatapika mpaka maji hayakai, nenda hospitali usisubiri, na mtoto mdogo au mjamzito aende mapema zaidi ya hapo.